Tumbo yangu inavimba tangu mama mukwe aingie jikoni

Mpendwa Tantine Alliance, kwa heshima yote natangazia redio yenu, na kupitia redio wakaaji wote wa Bunia, kama siku ya Yenga iliyopita, kanisani, wakati muchungaji aliomba kimya, tumbo yangu ilijibu. Naomba musaada, lakini jina yangu musiitaje, juu mutu mwenye naogopa anasikilizaka redio kwangu akichambua majani ya sombe.

Ni mama mukwe. Alifika kutoka Bule wakati watu walikimbia vita, nyumba yake ilichomwa, tukamupokea vizuri, na ni juma ile ile nilienda Bambu kuuzisha sabuni na chumvi kwa wachimba zahabu, na ku barabara watu wa bunduki walitusimamisha, tukalala chini ndani ya majani, lakini Mungu ni mukubwa, nilifika, na mpaka leo narudiaka kule, na siyo ile nataka kuongelea. Nataka kuongelea chakula. Tangu yeye apike, tumbo inavimba hata mukaba haufungi, inanguruma, hewa inanitoka mbele ya wateja, na mimi nimeanza kufuatilia: anatia sahani ku meza, anainamisha macho, anaenda kukula jikoni, hata siku moja hajakula mbele yangu. Mutu wa roho safi anakimbia chakula yake mwenyewe? Siye wa Butembo tunajua pia heshima ya mukwe, lakini heshima ya kila siku, sasa? Nikamuuliza bibi yangu, akasema mama yake iko na heshima na mimi niko na tumbo.

Rafiki yangu Dady, mwenye kubeba watu na pikipiki ya taxi-moto, akanivuta kando: "Grand, hiyo siyo tumbo ya bure. Mutu anakutilia sumu ya polepole. Ukunywe maziwa, inafunga sumu." Basi nakunywa kopo muzima mbele ya kila chakula, nakula mbio nikichunga mulango ya jikoni, na tumbo inazidi, ile inaonyesha kama sumu ni ya nguvu. Wazee wa familia wanakuja mwisho wa juma hii. Nataka niwaambie wazi, mama arudie Bule. Nianze kwao, ao kwa muchungaji?

Mumoja wa Lumumba

*

Mumoja wa Lumumba, pole. Tumbo yenye kujibu kanisani ni haya kubwa. Lakini barua yako nimeisoma kwa mashaka kama yako: nilitafuta mukosaji, nikamupata, na hajui kupika.

Weye mwenyewe umeandika kama ulilala ndani ya majani chini ya bunduki, halafu ukapita mbio, juu siyo ile ulitaka kuongelea. Tumbo yako ndiyo iliongelea. Mutu akikaa na woga, tumbo inaacha kazi yake, chakula inakawia mule ndani, inachacha, inatoa hewa. Halafu unakula mbio, macho ku mulango, kila tonge unaimeza na upepo wake. Na unarudia ku barabara ile ile. Ulitaka tumbo ifanye nini, iimbe?

Mama mukwe wako anakula jikoni juu ndivyo walimulea: mama hakulake mbele ya bwana wa binti yake. Angelikula mbele yako, ungeniandikia kama hana haya. Na unajua muzuri kuliko mimi, neno "sumu" ikitoka mu kinywa ya mukwe inafika wapi: vijana wa kartier hawaombake preuve, ushahidi, mbele ya kupiga mutu. Utamurudisha Bule mu nyumba gani? Ulisema mwenyewe ilichomwa.

Sasa sikiliza. Wazee wakifika, uwape chai, uongee nao juu ya barabara ya Bambu, siyo juu ya sahani. Mbele ya siku hiyo, umuambie bibi yako yote uliona mule majanini, juu naona hajasikia hata nusu. Biashara ya Bambu ipumzike kwanza. Ukule ukiwa umekaa, polepole, utafune, na kiti ugeuze, mugongo uangalie jikoni. Ukianza kukonda, ao ukiona damu chooni, kimbia kwa centre de santé, kwa munganga, siyo kwa Dady.

Na ile kopo, nimeulizia muuguzi mumoja. Haifungi sumu yoyote. Kwa watu wakubwa wengi, maziwa inaleta hewa.