Nyasi Zisizo na Ng'ombe

Baba mpendwa,

Nimemwomba Kamau, anayekutunza hapo nyumbani, akusomee barua hii asubuhi, ukiwa unaota jua, maana anasema saa hizo kichwa chako huwa kimetulia. Jumapili kwenye simu uliniuliza kwa adabu, "Samahani, wewe ni nani?" Nilikujibu, ukasema asante. Hiyo asante imeniuma, Baba.

Basi acha nikukumbushe kile kiangazi ulichokuja kunitembelea Birmingham. Nilikupeleka kwenye malisho ya zamani nyuma ya nyumba zetu, hapa Great Barr. Nyasi zilikufika kiunoni. Ndani yake maua meupe yenye moyo wa njano, mengine mekundu, mengine ya zambarau, yote yakiyumba polepole, na magari ya barabara kuu ya M6 yakivuma kwa mbali mpaka mtu unasahau kuwa ni magari. Nyuki wanene wenye manyoya walitoka mauani wamejaa unga miguuni. Kozi mmoja, yule ndege mwindaji, alisimama hewani, hasogei, ukavua kofia kumtazama.

"Hizi nyasi ni za ng'ombe wa nani?" ukauliza.

"Hakuna ng'ombe, Baba. Zimeachiwa nyuki na vipepeo."

Mtu aliyekata nyasi kila alfajiri tangu ujana wake, utamwambiaje maneno kama hayo? Ukachuma shina moja, ukalitafuna. "Na ni tamu," ukasema kwa masikitiko.

Kesho yake nikiwa kazini ukachukua kisu cha mkate, ukarudi huko peke yako. Nikirudi nilikukuta njiani na mzigo begani, umeufunga kwa skafu yangu nzuri, panzi wakirukaruka kwenye kola yako. Jirani yetu, yule bibi Singasinga aliyezaliwa Nakuru, alikuwa langoni kwake.

"Mzee, ng'ombe iko wapi?"

"Iko Kenya, mama. Ni mikono tu imekataa kukaa bure."

Alicheka mpaka akashika lango. Zile nyasi tukazitandaza uani, na jioni tukajilaza juu yake, watu wazima wawili, vipepeo wadogo wakichomoka humo mmoja mmoja. Ukasema ukifumba macho unamsikia marehemu Mama akikamua. Nikafumba yangu. Nilimsikia pia, Baba, sikukuambia.

Siku hizi nikitoka zamu napitia pale. Maua yamerudi. Nasimama pembeni naongea nawe kimoyomoyo, na huko unanijua vizuri, hata unanitania kuwa nimenenepa. Kisha nakumbuka simu, naogopa. Naogopa kufika nyumbani nikaonekana mtu wa kupita tu.

Lakini nakuja, Agosti. Usijisumbue kunikumbuka. Kama sura yangu itakuwa imekupotea, nitapiga hodi kama mgeni, nawe utanivutia kiti na kuniuliza kama nimekula. Mgeni hujawahi kumfukuza. Nitakaa hapo kando yako mpaka unizoee upya.

Baki salama mpaka nifike.

Ni mimi,
binti yako