Mnazi Ni Pombe, Mama

Changamwe,
Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nauliza presha yako, kama zile dawa nilizotuma zilifika, na kama mvua imeshuka huko Bamba au bado mnatazama mawingu yakipita. Mimi mwili ni mzima. Kilichonijaa ni hasira, na sitaki kukuficha. Ukipiga simu unalia, nawe ukilia mimi huitikia kila kitu. Ndiyo maana nimeacha kupokea, nikaamua kuandika. Mdogo wangu Dama akusomee yote, asiruke hata pale atakapoona haya.

Shangazi amenifikishia ujumbe wako. Unataka nikiitwa kutoa ushahidi wiki hii niseme mashine ya kupimia pombe ilikuwa mbovu siku ile, ili kaka yangu Karisa asifungwe na leseni yake ya magari makubwa isichukuliwe. Nimeusikia huo ujumbe, Mama, na umenichoma kuliko matusi yote niliyotukanwa hapa yadi.

Kazi yangu unaijua. Nakaa getini, kila dereva wa lori apulize kwenye mashine kabla sijampa ufunguo. Dereva wa mizigo si kama mtu mwenye kigari chake cha kwendea harusini. Mashine ikionyesha hata kidogo, ufunguo unabaki kwangu. Karisa ameipuliza mashine hiyo miaka yote, sijawahi kumsikia akisema ni mbovu.

Sasa nikukumbushe Jumamosi ile ya kadzama, mlipowapelekea wakwe wa kijana wetu Charo mnazi wa kuposea. Asubuhi nilimpigia Baba mdogo, nikamwomba amtafute mtu mwingine wa kuonja, kwa sababu kesho yake Karisa alikuwa na safari ya Kampala. Desturi naijua. Mwenye kuleta mnazi hutangulia kuunywa mbele ya wakwe, waone hauna sumu, na tangu Baba afariki anayesimama mahali pake ni Karisa. Lakini angeweza kugusa mdomo tu akampisha mwenzake. Baba mdogo alicheka. Aliniambia mji umeniharibu, kwamba mnazi si pombe, ni maji ya mti, na yeye ameugema maisha yake yote hajapata kuanguka. Mkamjazia kata baada ya kata. Na Jumapili alfajiri, alipokuwa anaondoka, akapewa tena ule mtamu uliotoka kugemwa, eti wa kufungua macho. Karisa ameniambia ni wewe uliyempa kwa mkono wako.

Alifika getini akitafuna karafuu. Akapuliza, taa ikawa nyekundu. Nikampa maji, akapumzika kivulini, akapuliza tena, nyekundu vilevile. Alinishangaa kweli, Mama, hakuwa anaigiza. Akaniambia, "Sidi, sijanywa pombe mimi. Nimekunywa mnazi tu."

Nikaufungia ufunguo kwenye droo. Akaenda kulalamika kwa msimamizi wa yadi, na msimamizi, ambaye kontena lilikuwa linamngoja bandarini, akaja kuifungua mwenyewe na kumpa ufunguo. Nilisimama mbele ya lori nikakataa kuondoka. Wakanitoa kwa kunivuta mkono, madereva wengine wakitazama na wengine wakicheka. Karisa alinipita bila kunitazama.

Hakufika hata barabara kuu. Pale konani, lori lilipanda ukingo likamkuta Mama Saumu, yule anayeuza mbaazi na mahamri, ambaye hata wewe ulipokuja kututembelea ulikula kwake ukasifu nazi yake. Mguu wake umekatwa chini ya goti. Polisi walimpima Karisa mchana, wakati mnazi umeshapungua, wakakuta kidogo. Wanaojua alivyopuliza asubuhi ni mimi na msimamizi. Msimamizi anasema mashine ilikuwa mbovu. Sasa nyote mnaningoja mimi.

Na kule mtaani wameshaanza kusema mama wa watu alikuwa ametandaza meza katikati ya barabara. Nilikwenda kumwona hospitali. Nilidhani atanifukuza. Alinishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, watu wasema nilikaa ndiani. Wewe wapita pale kila siku. Mimi hukaa ndiani?" Nikamwambia hapana, hukai njiani, unakaa ukutani. Akafumba macho, akasema ahsante. Nilitoka nje nikalia kwa hasira hadi mlinzi akaniletea kiti.

Kuna jambo jingine hujaambiwa. Karisa alipotoka kwa dhamana alikuja chumbani kwangu. Alianza na yaleyale ya mashine. Nikamwuliza swali moja tu, kama alimwona Mama Saumu. Akasema, "Nilimwona. Nilimwona vizuri, dada. Mguu ulichelewa kufika kwenye breki." Akajifunika uso kwa shati lake. Ndiye kaka aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule, nami siku hiyo sikuweza kumgusa hata bega.

Basi jibu langu ndilo hili. Nitasema mashine ilikuwa nzima, na kwamba alipuliza mara mbili. Nitasema nani alitoa ufunguo, hata wakinifukuza kazi jioni yake. Lakini hilo la breki sitamsemea. Hilo ni lake, alitamke mwenyewe mbele ya hakimu na mbele ya Mama Saumu. Mimi hanisikii tena, Baba mdogo atamdanganya. Aliyebaki wa kumwambia ni wewe.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Karisa, na umwambie wanawe nitawalisha kadiri ya uwezo wangu, asiwe na hofu nami hata kama ameninunia. Msalimie Charo na mchumba wake, hawana kosa. Mpe pole yangu bibi mzaa baba kwa kikohozi. Baba mdogo leo simsalimii.

Nimesikia utakuja siku ya kesi na akina mama wenzako wa kwaya, mkae nyuma ya Karisa mumtie moyo. Njoo, Mama. Kaa nyuma yake. Lakini nikiitwa jina na kusimama, usiinamishe kichwa kana kwamba aliyesimama ni mtu wa kuja. Nitazame. Mimi pia ulinizaa.

Bintiyo akupendaye hata leo,
Sidi