Usishike, Ni Mama Buya

Mama,

Naanza na Baba, maana najua ungemuuliza yeye kabla yangu. Yuko. Ameketi hapa mlangoni pa hema, mguu wake mbovu ameuweka juu ya jerikeni, anagombana na redio. Amekula. Chai ameikataa, eti inanuka moshi. Kwa hivyo ni mzima, unamjua.

Tuko Minjila, Mama, huku juu kwenye mahema. Nyumbani kuna maji. Tumetoka wote, Baba, mimi na watoto, hata mbuzi, lakini hofu haijanitoka. Mtu akimwaga beseni huko nje, nainuka nawahesabu watoto. Na kinachonikosesha raha kabisa ni Mama Buya. Rafiki yako wa tangu utotoni, ukamwacha kule Wenje, mto unakotokea, ukamfuata Baba huku chini, na hamkuachana hata siku moja. Tangu maji yaje hatujui kama yuko hai. Nikimwambia mtu hapa kambini ananiuliza, Mama Buya ni nani? Basi nikaona bora nikwambie wewe, ambaye sihitaji kukueleza.

Ngoja nikupe mambo tangu mwanzo, usije ukasema ninaruka-ruka.

Baada ya kukuzika, simu yako Baba aliirudisha msumarini pale mlangoni, ulipokuwa ukiitundika. Kila ikiisha chaji alimpa mtoto aipeleke dukani kwa mwenye sola, kisha anaitundika tena. Nikimwambia Baba, hii simu ya nini tena, ananijibu, "Mama Buya akipiga tusikie." Na kweli alipiga. Mvua za kwanza bila wewe alipiga flashi moja, ikalia ikakata, tukakaa macho, mto ukapanda ukashuka. Nililia siku ile. Niliona kama bado mnaongea.

Unakumbuka yule mgeni wa kanisani? Simu ililia wewe uko jikoni, naye kwa heshima zake akanyoosha mkono aipokee. Ulitoka na mwiko wa sima mkononi, unga mpaka kwenye viwiko, unapiga kelele, "Usishike! Usishike, ni Mama Buya!" Maskini, akaketi chini kama mtoto wa shule. Ikabidi Baba amweleze kwamba nyinyi wawili hamna kredi ya kuongea hata siku moja, mmepatana hivyo. Flashi moja, mto umepanda, kaeni macho. Flashi mbili, umevunja kingo, hameni. Ukishika umeharibu, pesa yake imeliwa na hesabu imepotea. Sisi watoto tulikuwa tukicheka. Hatukujua kwamba ule muda wa maji kusafiri kutoka Wenje mpaka kwetu ndio uliotulea.

Sasa, kukaja sheria ya laini. Serikali ikasema kila laini isajiliwe upya, mwenyewe aje na kitambulisho chake na uso wake upigwe picha. Nikaenda Garsen, kwenye duka la laini. Kijana wa pale akaniambia, "Lazima mwenyewe aje." Nikamwambia mwenyewe tumemzika. Akaitazama kompyuta yake, nami nikaitazama. Kitambulisho chako tulikwisha kumpa chifu wakati wa kutafuta karatasi za mazishi. Nikamwambia basi niandikie mimi, mwanawe. Akasema mpaka nilete barua ya mahakama ya urithi. Kwa kadi ya simu, Mama! Kama vile umetuachia ghorofa Mombasa.

Sisemi sheria ni mbaya. Wewe ulikuwa wa kwanza kuzilaani laini zisizo na wenyewe, siku ile tapeli alipomwambia Baba ameshinda pikipiki, naye akaanza kuuliza bei ya helmeti. Lakini sheria ilikuwa inamtafuta tapeli, ikakukuta wewe.

Halafu wakaja mabwana wa serikali wa mambo ya simu, wakatuita ukumbini Garsen tutoe maoni. Nilikwenda. Nilivaa ile leso yako ya kijani nipate ujasiri. Yule mkubwa wao akaeleza vizuri tu, kwa upole, kwamba nambari ya simu si mali ya mtu, ni mali ya nchi, sisi tunaazimwa. Isipotumika hupewa mwingine. Nikasimama, nikauliza, "Na wale walioishika kwa kichwa, nani atawaambia?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akasema swali zuri, akaliandika. Jibu sijaliona hadi leo. Mzee mmoja wa Kiorma akauliza ile redio ndogo iliyokuwa ikitutangazia habari za mto kwa lugha zetu imekwenda wapi. Akaambiwa kibali chake cha masafa bado kinashughulikiwa. Tukapewa soda tukarudi.

Laini yako ikazimwa. Baba aliendelea kuichaji simu. Ndiyo, simu isiyo na laini, inachajiwa inatundikwa.

Sikukaa bure, Mama, usinifikirie vibaya. Nilimpata mjukuu wa Mama Buya, akaiweka nambari yangu kwenye simu ya nyanya yake. Lakini wewe unamjua rafiki yako. Kusoma hajui, masikio yamezidi kuziba, na kwenye ile kabambe yake, kisimu cha vibonyezo, anajua njia moja tu, kubonyeza mbili na kukaza kidole mpaka ikupigie wewe. Mjukuu akaenda shule ya bweni. Na simu yenyewe anaiwasha akitaka kupiga tu, kisha anaizima kulinda chaji, maana nguzo za stima zinapita juu ya paa lake kwenda kwingine, yeye hajashushiwa waya. Kumpigia mimi ni kazi bure. Nilitafuta mtu mwingine wa Wenje, nikapata nambari ya mwenye duka, kumbe alishahamia Hola.

Basi mvua zikaanza huko bara. Tukasikia mabwawa ya juu yamejaa, yanafurika. Ujumbe wa serikali ukaingia kwenye simu yangu, Kiingereza kitupu, kwamba watu wa sehemu za chini wahame. Nikamsomea Baba. Akasema, "Huo si ule wa mwaka jana?" Nawe hukuwapo mwaka jana. Ujumbe ulikuja, tukahama, maji hayakuja, nyani wakaingia shambani wakamaliza mahindi. Tangu hapo Baba na ujumbe wa simu ni maji na mafuta. Akaweka kiti chake chini ya ule msumari akasema haondoki mpaka Mama Buya apige.

Apige wapi, Mama? Nilimwambia simu hii imekufa, Baba.

Siwezi kumbeba, mwanamume mzima yule. Kwa mguu ule, maji yakifika magotini yeye haendi popote. Mwenye mtumbwi nilimwomba asitoke pale karibu na nyumba, naye ana watu wake. Siku zile, kila nikienda kuchota maji nauangalia mto, mwekundu, umebeba magogo, na nashindwa kujua hii ni flashi moja au mbili. Watoto nawafokea bila sababu.

Ndipo nikafanya wazimu. Nikakupigia.

Ikaita! Mama, ilikuwa inaita. Jina lako liko kwenye kioo, "Mama", na inaita. Kisha mwanamke akasema, "Hallo?" Nikasema, "Mama?" Akasema, "Wewe nani? Mimi si mama yako."

Ni dada mmoja wa Kitale anayeuza nguo za mitumba, jina lake Nafula. Alinunua laini dukani kama mtu yeyote, akapewa nambari yako. Nikajaribu kumweleza. Akasema yeye si mtoto wa jana, nimtafute mjinga mwingine. Nikamwambia dada nisikilize, kuna mama mmoja mzee huenda anakupigia. Akapandisha sauti, "Kumbe ni wenu! Yule anayenisumbua! Nikishika tu ananigombeza eti nisishike. Kama hataki nishike, ananipigia ya nini?" Akakata.

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Mama Buya alikuwa akipiga. Alikuwa akipiga muda wote huo, na mtu wa Kitale anashika kwa adabu, anasema hallo, kredi inaliwa, na yule bibi anafikiri ni mimi niliyekosa adabu.

Nikapiga tena, hakushika. Nikaandika ujumbe mrefu, nikamweleza kila kitu, kwamba nambari ilikuwa ya marehemu mama yangu, kwamba yule bibi yuko juu ya mto nasi tuko chini, flashi moja ni nini, mbili ni nini. Nikamwandikia, dada, nakuomba, akipiga usishike. Zihesabu, kisha nami unipigie hivyo hivyo na kukata. Nikamalizia kwa Mungu na watoto wake, kama ana watoto. Hakujibu. Siku hiyo hakujibu, na iliyofuata hakujibu. Mtu angeniandikia mimi mambo kama hayo, ningejibu? Ningefuta. Baba naye nilimsimulia yote hayo.

Alasiri moja nilikuwa napepeta mchele uani, simu iko kwenye kigoda. Ikalia. Nikatupa macho, naona "Mama", nikalitamka kwa sauti.

Mkono ukaenda wenyewe. Na Baba, Baba ambaye siku zote hizo hakunisemesha ila kwa mkato, akapiga ukelele kutoka mlangoni, "Usishike!"

Nikaurudisha mkono kama niliyegusa jiko. Ikalia, ikakata. Mchele umemwagika, kuku wamekuja wanakula, hakuna aliyewafukuza. Nilikuwa naomba, Mungu iwe hiyo moja tu, iwe moja tu.

Ikalia tena. "Mama." Ikakata.

Tukangoja. Hakukuwa na nyingine. Baba akashikilia mlango akasimama, akaitoa simu yako msumarini, akaitia mfukoni mwa shati. Akasema, "Mwite mwenye mtumbwi." Basi. Njiani nilipiga kelele nyumba hadi nyumba kama ulivyokuwa ukifanya, sauti yangu haifiki hata nusu ya yako, lakini walitoka. Wakaniuliza nani kasema. Nikasema Mama Buya. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Maji yalikuja, Mama. Wanasema yamefika dirishani. Na kule nyuma ya kanisa ulikolala, sijui. Kila anayerudi na mtumbwi namuuliza, kila mmoja ananiambia hakuangalia. Nadhani wameangalia. Nisamehe, hili ndilo linaloniuma sana kukuandikia.

Kesho yake Nafula aliandika, "Bibi alipiga mara mbili. Sikushika. Mko salama?" Nilijibu tuko salama, Mungu akubariki. Nikalia kwa kwikwi, Baba akaniuliza kuna msiba gani. Nafula akaandika tena kwamba laini ameisajili kwa jina lake na hataitupa, tusiogope. Lakini naogopa. Kijiji kizima kinaning'inia kwa mwanamke tusiyemwona, aliye sokoni Kitale, chaji ikimwishia, au akiibiwa simu, basi. Hii ndiyo serikali yetu ya mto kwa sasa, Nafula na mimi.

Na Mama Buya kimya. Kimya kabisa. Kama maji yamefika dirishani kwetu, kwake yamefika wapi? Namuuliza Nafula asubuhi na jioni, mpaka naona haya. Anajibu, "Bado." Nimewaza sana nikagundua kosa lenu nyinyi wawili. Miaka yote ile mlipatana namna ya kusema kaa macho na namna ya kusema hameni. Hamkupatana namna ya kusema niko salama. Labda mlidhani haina haja, mtaonana.

Kwa hivyo nakuahidi hili. Barabara ikifunguka, hata ya matope, naenda Wenje. Nikimkuta, na nitamkuta, nitamwinamia sikioni nimfundishe ya tatu. Flashi tatu, niko hai. Ile mbili yake sitaigusa, iendelee kukupigia wewe, nimeshakubaliana na Nafula. Yeye amecheka, akasema kumbe amenunua laini pamoja na ukoo mzima.

Baba ananiuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia. Amesema nikuambie simu yako amepata pa kuitundika, kwenye mti wa hema, na kuna mwenye sola hapa kambini. Amesema pia chai ya kwako haikuwa na moshi. Muongo.

Lala, Mama, popote maji yalipokuacha. Jina lako sijalifuta kwenye simu yangu na sitalifuta. Likiwaka, sitashika. Nitahesabu tu.

Mwanao,
Habona