Kapelo Nyuma ya Goli

Mchikichini, Ilala,
Dar es Salaam.
Jumatano.

Kwa dada yangu Ummy,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vizuri, na goti lile limepoa, na shemeji naye kifua kimemwachia. Huku tunapumua. Mvua zimekatika, zimetuachia matope. Ukisikia mtu wa Lindi anasema Shomari amefulia, mcheke tu. Mimi hapa sokoni ndiye mtu ambaye asipofika asubuhi, wauza viatu wote wanakaa wanatazamana. Wachezaji wa timu kubwa, ambao sitawataja maana ni siri zao, wanakuja mezani kwangu niwachagulie njumu za mtumba. Wanasema jicho la kipa halizeeki. Mimi nakaa kimya, sipendi kujisifu.

Barua hii anakuletea Candida, yule mama wa Masasi anayeuza magauni meza ya pili kutoka kwangu. Ningepiga simu, lakini hupokei zangu wala za mwanao. Na nikwambie ukweli, ungepokea ningeharibu. Kwenye simu mdomo wangu unanitangulia. Kwenye karatasi, uongo nikiuandika nauona umekaa pale unanitazama.

Ile video uliyotumiwa kwenye kundi la ukoo, na mimi nimeiona. Kariakoo nzima imeiona. Mwanao Ubeid ameniambia mwenyewe kwamba umemkataza kukanyaga kwako mpaka amtaje mtu aliyemnunua. Ndiyo maana naandika.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Ulipomleta miaka minne iliyopita ulinishika mkono pale stendi ukasema nimfundishe kudaka kama nilivyodaka mimi. Nikakwambia hapo umefika. Nikampa glovu zangu za kijani, zile nilizodakia penalti kumi na tisa msimu mmoja mpaka marefa wakaona aibu kutoa nyingine. Nikampeleka Sikukuu Rangers, timu ya daraja la tatu ya huku kwetu. Tajiri wa timu ni Kanubhai, mzee wa duka la misumari na bawaba. Ni Mhindi mzaliwa wa hapa hapa, na babake pia. Akimtukana refa utadhani amekulia Temeke. Nikamwambia, huyu ni damu yangu. Akaniuliza mtoto anadaka kama mimi au anaongea kama mimi. Watu dukani walicheka, na mimi nikacheka zaidi yao.

Dada, mwanao anadaka. Mstari huu usome mara mbili. Alfajiri anakimbia kuuzunguka uwanja wa Mnazi Mmoja, mchana anabeba mabunda ya vitenge, jioni yuko mazoezini, na akirudi anapiga mpira ukutani mpaka majirani wanagonga mlango. Msimu huu amecheza mechi kumi na nane, na kumi na moja hakuokota mpira wavuni hata mara moja. Timu moja ya Morogoro ya daraja la juu ilishampa siku ya kwenda kujaribiwa. Mimi nilikuwa na cheo changu pale, mshauri wa makipa. Cheo nilijipa mwenyewe, lakini hakuna aliyeninyang'anya.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tupande daraja. Asubuhi yake tukiwa tunakunywa supu, Ubeid akaniambia amemtazama mpiga penalti wao mara mbili. Ni kijana wa Kigamboni, anaitwa Beno, na mara zote mbili aliupeleka mpira kushoto kwa kipa. Nikamwambia asijichoshe kichwa, hayo aniachie mimi.

Dakika ya themanini na nane, tukiwa moja moja, beki wetu akaunawa mpira, ikawa penalti. Yaliyofuata umeyaona. Ubeid anageuka kutazama nyuma ya goli. Pale nyuma kuna mtu amevua kapelo nyeupe na kujifunika nayo uso. Ubeid anasita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha anageukia mpira, anaruka kulia. Beno anausukuma kushoto taratibu, kama anamsogezea mgeni kiti.

Aliyeirusha hiyo video aliandika chini yake kwamba kipa anapokea maelekezo kwa bosi wake. Basi ikawa ndiyo habari ya mjini, kwamba Ubeid ameuza mechi, na mwenye kapelo ndiye mnunuzi, na amejificha uso kama mwizi ili asijulikane. Kapelo zile ziligawiwa kwenye mkutano wa hadhara Mnazi Mmoja, nusu ya Kariakoo wanazo. Sasa mwanao akipita Mtaa wa Kongo na mzigo begani, machinga wanavua kofia. Mmoja anavua, wa pili anavua, mtaa mzima unavua, na kuna mpumbavu mmoja anamuuliza, oya kipa, leo unarukia wapi? Yeye anapita. Morogoro wamempigia kusema wasimwone.

Kamati ilimwita. Tulikaa stoo kwa Kanubhai juu ya ndoo za rangi. Katibu wetu Abdulhadi, yule Mwarabu wa duka la kanga, akamuuliza mwenye kapelo ni nani. Ubeid akajibu hamjui. Akaulizwa tena, akajibu hamjui. Abdulhadi akamwambia, mwanangu, mtu humjui halafu unamtazama kabla ya penalti? Na mimi nilikuwepo, dada. Mshauri wa makipa. Nilikaa ndoo ya tatu. Watu wakasonya, na mimi nikasonya. Nikasema vijana wa siku hizi hawana uaminifu, zamani sisi tulilia tukifungwa. Ubeid akanitazama kidogo tu, akainamisha kichwa. Wakamsimamisha.

Tangu siku ile kila asubuhi bado ananiamkia. Shikamoo mjomba. Ananiwekea maji ya kuoga, anakwenda kwenye mizigo yake. Angenitukana ningelala.

Dada, yule mwenye kapelo ni mimi.

Hakuna aliyemnunua mwanao. Ulikuwa mpango wetu wa msimu mzima. Kapelo ikibaki kichwani, anaruka kushoto. Nikiivua, anaruka kulia. Nilimdanganya kwamba mimi namsoma mpigaji kiunoni tangu anaweka mpira chini. Mara tatu msimu huu alidaka penalti kapelo ikiwa kichwani, na mara zote tatu nilizunguka Kariakoo nikieleza nilivyodaka mimi. Siku ile alijua fika Beno anapiga wapi. Aliacha macho yake akaifuata kofia yangu, kwa sababu ulimlea akijua mjomba wake alikuwa kipa.

Na hilo nalo nilinyooshe. Timu niliyokuwa nayo nilibeba maji na kufua jezi. Nilikaa golini mara moja, kipindi cha pili, kipa wetu alipovunjika kidole. Tulifungwa manne. Glovu za kijani nilizikuta ndani ya belo la mitumba hapa Mchikichini, wiki moja kabla hujamleta mtoto. Penalti kumi na tisa sijui nilizitoa wapi. Nadhani nilianza na tatu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Kanubhai. Nilizunguka duka mara mbili, nikanunua bawaba nisiyo na mlango wake, ndipo nikasema. Akaacha kupima misumari. Akamwita mkewe, mama Ila, atoke ndani aje asikie, akanifanya niseme tena. Mama Ila akauliza mtoto yule ameacha watu wamvulie kofia wiki tatu ili kunistiri mimi? Kanubhai akasema miaka yote alijua kwamba mimi nadakia mdomoni, hilo halikumsumbua, lakini kusonya pale stoo nikiwa nimekaa kwenye ndoo yake, hilo hatalisahau. Akasema Jumamosi kamati inakaa, niende na kapelo yenyewe, niseme mbele ya wachezaji wote. Ubeid atarudishiwa namba yake. Morogoro atawapigia yeye, ila hawezi kuahidi. Daraja ndiyo basi, halirudi.

Kapelo ilikuwa chini ya gunia la njumu. Nimeitoa, iko hapa mezani ninapoandika.

Nakuomba kitu kimoja. Mpigie mwanao kabla ya Jumamosi. Usisubiri kamati imsafishe, msafishe wewe kwanza. Mwambie mama yake anajua. Mimi unaweza kunichelewesha hata mwaka, nitaelewa.

Msalimie shemeji, mpe pole ya kifua. Msalimie bibi Severa jirani, mwambie ule mchezo niliomhadithia, ule wa Tabora, nao haukuwepo. Watoto wote nawasalimu. Candida nimempa na viatu vya kanisani vya bibi Severa na ndala zako, usivichanganye.

Limebaki moja, ambalo hata Kanubhai sikumwambia. Aliniuliza kwa nini niliivua kapelo ilhali mtoto alijua ni kushoto. Nikamjibu kiuno cha Beno kilinidanganya. Nilisema hivyo, dada, baada ya kuyakiri yote hayo. Kiuno cha Beno sikukiona. Penalti zile tatu za mwanzo pia sikuziona, nilikuwa natazama viatu vyangu mpaka nisikie kelele. Siku ile viatu havikutosha. Sikuivua kapelo kumpa mtoto ishara. Niliivua nijifunike uso, kwa sababu tangu kile kipindi cha pili, mpira ukija golini, mimi naogopa.

Mdogo wako,
Shomari