Mwite Arudi

Oktoba 6, 1942

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Ota, ambaye anasema ataandika mwenyewe, na wewe unajua maana ya hilo. Sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yako. Mgongo unaendeleaje? Na yule nguruwe aliyegoma kula, ameanza?

Nimefika salama. Wapi, siruhusiwi kuandika. Jua tu kwamba ni hapa hapa Marekani, pwani ya Atlantiki, baridi inapenya hadi kwenye meno, na samaki tunaopewa ungewatupia paka. Ota amenenepa, kwa hiyo yeye anawafurahia.

Najua ulinituma nimrudishe. Nilimwambia kabla hata sijavua koti. Akacheka: "Dada, umekuja kunichukua kama ndama aliyeruka ua?" Kisha akanikokota hadi kwa Kapteni Whitlock, mkuu wa kituo, akamwambia, "Huyu dada yangu ndiye aliyekuwa akiunganisha simu za kijiji kizima. Anaweza kuwasikiliza majirani wanane wakigombana kwa pamoja na akajua nani mwongo." Kumbe walikuwa wakitafuta mtu wa redio. Mama, usinikasirikie. Nimekubali kujifunza.

Sisi si wanajeshi, ni watu wa kujitolea tu. Kuna wauza viatu, wakulima, hata mwalimu wa piano, na vindege vyao wenyewe vya matembezi. Hivyo ndivyo wanavyotumia baharini kutafuta nyambizi za Wajerumani. Wengi ni waliokataliwa na jeshi, kama Ota na mguu wake. Ota haendeshi, anakaa na rubani wake, Gus Rademaker, muuza samani, akiangalia maji na kushika redio.

Hewani hakuna Ota wala Gus. Kituo kinaitwa Almasi. Ndege yao ni Almasi Saba. Nyambizi nazo zina masikio, kwa hiyo atakayetaja jina la mtu hewani anaosha masufuria ya kambi nzima. Ota ameshayaosha mara nyingi mpaka mpishi anamwita "mke wangu."

Nitazidi kumsema. Nipe muda.

Bintiyo,
Vlasta


Oktoba 21, 1942

Binti yangu Vlasta,

Barua imefika nikaisoma kwa sauti, na aliyenisikiliza ni mbwa peke yake. Mgongo ni ule ule. Nguruwe amepona, heri yake. Nyinyi natumaini mnakula na mnasali.

Nilimtuma mmoja akamlete mwenzake, sasa nimewakosa wote wawili. Jirani Hruška aliposikia alicheka mpaka akakohoa: "Bi Kubíčková, ukituma wa tatu utabaki na paka." Mimi sikucheka. Mahindi bado yamesimama shambani, na vijana wa kuyavuna wako vitani, kasoro huyu mmoja ambaye Mungu alimpa mguu mbovu ili anibakie. Watu husema mtoto akililia wembe mpe. Mimi wangu sikumpa, kauchukua mwenyewe.

Sasa nisikilize. Baba yenu trekta lilimpindukia nikiwa hapa jikoni. Nilisikia. Nilisikia kabisa ule mshindo, nikaendelea kukanda unga, maana sikujua ninasikia nini. Wewe umepewa masikio ya kumsikia ndugu yako akiwa juu ya bahari. Siku ukisikia mambo yameharibika, mwite arudi. Sema ni amri ya mkuu. Sema lolote. Nani atajua?

Niahidi, Vlasta. Nataka kuiona ahadi kwa maandishi.

Mama yako


Novemba 15, 1942

Mama mpendwa,

Salamu za baridi, maana ndiyo tuliyonayo kwa wingi. Mimi mzima, Ota mzima, ana mafua kidogo lakini hayajamzuia kula. Wewe je? Mahindi yameingia ghalani?

Nimefaulu mtihani! Kapteni alikaa chumba cha pili akajifanya ndege tatu zinazoongea kwa mkupuo, moja ikiwa inaungua. Nikazipanga zote, nikamwambia ile inayoungua izungumze na nyingine zifunge midomo. Akasema kama kijiji chetu ndicho kilichonifundisha, angependa kukiona. Sasa nakaa kwenye redio peke yangu.

Ota nimegombana naye. Nilimwambia unavuna peke yako. Akasema, "Hapa hakuna anayeniuliza mguu wangu, dada. Nikiwa juu hata mimi nausahau." Nikamwita mbinafsi, akaondoka kwa hasira. Kesho yake hewani, baada ya kutoa taarifa yake vizuri, akaongeza, "Na Vlasta anipikie mayai." Nikamkatiza: "Almasi Saba, tumia jina la hewani, ova." Hiyo ova maana yake nimemaliza, sema wewe. Gus alisikika nyuma akicheka. Huyu mtoto atanitoa roho.

Wiki iliyopita ndege ya kituo jirani ilianguka. Waliwapata mapema, lakini maji yalikuwa yameshawaua. Maji ya huku hayangoji mtu azame. Tangu hapo, Ota akiruka, mimi sili.

Haya, Mama. Nakuahidi. Mambo yakiharibika, nitamwita arudi. Sijui kama nimefanya vizuri kuandika hivi, lakini nimeandika.

Bintiyo,
Vlasta


Novemba 29, 1942

Binti yangu,

Ahadi nimeiona, na jana nimelala vizuri mara ya kwanza tangu mwondoke. Mungu akulipe.

Theluji imefika magotini. Hruška na wanawe wadogo walikuja kunimalizia mahindi, nikawapa supu na bata. Nawatumia mikate yenye matunda ya plamu ndani, sukari nimeibana mwezi mzima. Usimpe Ota yote, atamwomba rubani wake washindane kula.

Mwambie akirudi sitamgombeza. Mwambie hivyo hivyo.

Mama yako


Desemba 13, 1942

Mama,

Telegramu ya Kapteni imekufikia kabla ya barua hii, kwa hiyo sitakuuliza hali. Umeshajua Ota hayupo. Nataka ujue ilivyokuwa, na nataka uisikie kwangu mimi.

Ilikuwa asubuhi, jua likiwaka. Ndege zetu hutoka mbili mbili. Almasi Saba walitoka na Almasi Nne, na huko mbali injini ya Nne ikazima, ikaenda majini. Watu wake wawili walifaulu kuingia kwenye mtumbwi wa mpira. Mama, bahari ikichafuka, aliye kwenye mashua haoni kitu kidogo hivyo hata kikiwa karibu. Kwa hiyo sheria yetu ni kwamba ndege ya pili inabaki ikizunguka juu yao mpaka mashua ya uokoaji ifike, maana ndege ndiyo inayoonekana. Ikiondoka, waliobaki chini hawapatikani.

Mashua ilichelewa. Upepo ulikuwa unaipiga usoni. Kapteni alikuwa chumba cha pili akiifokea simu, na mimi peke yangu kwenye redio, Ota akaita. Sauti yake ilikuwa ya kazi, hakuna mzaha hata chembe: "Almasi, hapa Almasi Saba. Mafuta yanatosha kurudi sasa hivi, baadaye hapana. Turudi au tukae? Ova."

Ungeniona. Neno lako lilikuwa mdomoni. Rudini. Ningesema Kapteni ameamuru, nao wangegeuza. Ulisema nani atajua, na kweli hakuna ambaye angejua. Lakini akilini nilikuwa nawaona wale wawili chini wakiangalia juu, wakiona ndege inaondoka. Sikuweza, Mama. Nikamwita Kapteni.

Alikuja rangi imemtoka. Akasema, "Siwezi kuwaamuru wakae, nami nimekaa kwenye kiti karibu na jiko. Waambie ukweli, rubani aamue." Nikawaambia ukweli: mashua inakuja, bado iko mbali. Kisha Ota akasema, "Gus anasema tukae. Na mimi nasema tukae. Ova."

Wakakaa. Waliiona mashua, wakaiashiria, wakaiongoza mpaka pale. Ota alinipa habari zote vizuri, ungejivuna. Mwisho akasema mafuta yamekwisha, wanashuka majini. Halafu akasema, "Vlasta, mwambie mama..."

Redio hii si kama simu ya kijiji. Ukibonyeza kitufe useme, masikio yako yanaziba, humsikii mwenzako. Nami nikabonyeza. Nilikuwa nimemkaripia hivyo kila siku, mkono ukaenda wenyewe. Nikasema, "Almasi Saba, tumia jina la hewani, ova." Nilipoachia palikuwa na mvumo tu. Nikaita. Nikaita kwa jina la hewani, kisha nikaita Ota, Ota, kwa jina lake la nyumbani, na Kapteni hakunizuia.

Mashua iliwatoa wale wawili, na Gus. Gus mikono yote imefungwa bandeji, analia kama mtoto. Anasema mguu wa Ota ulinasa ndani na ndege ikazama naye. Alizamia kumvuta mpaka wakamtoa Gus mwenyewe akiwa hajitambui.

Nimekuvunjia ahadi, na neno alilokuletea nimelikata mimi. Ningeweza kukuficha yote haya. Sitaki kukuficha.

Vlasta


Januari 10, 1943

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mwezi umekatika na hujajibu. Kila mfuko wa barua ukifika nakuwa wa kwanza mlangoni, na wengine wamejifunza kunipisha.

Nimemwandikia Hruška, anasema unakula, unakamua ng'ombe, hutaki kuzungumzishwa. Kapteni amenipa ruhusa ya kuja nyumbani. Siji mpaka uniite. Sijui kama bado nina nyumba.

Bado nakaa kwenye redio. Siku hizi mtu akizungumza, hata akitukana, nangoja amalize ndipo niguse kitufe.

Niandikie neno moja, Mama. Hata likiwa tusi.

Bintiyo,
Vlasta


Februari 2, 1943

Vlasta,

Mimi nipo. Mgongo upo. Salamu nyingine sina.

Nilikuwa na barua yako mezani, na nyingine ya mgeni, mke wa mmoja wa wale wawili wa kwenye mtumbwi. Ana watoto. Amenishukuru kwa kumzaa Ota. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu anajua msiba alioepushwa. Siku nyingi niliichukia barua yake kuliko yako. Juzi nimemjibu. Nimemwambia Ota alipenda mayai, nikafunga bahasha.

Unataka neno moja. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nimekudanganya, na wewe hukunidanganya hata pale ulipoweza. Nakwambia pia kitu ambacho sijamwambia padri: nilikutuma uwaache watoto wa wenzangu wafe. Nilijua ninachoomba. Na ukinipa siku ile tena, naogopa nitaomba vile vile.

Na hilo alilotaka kuniambia, nalitafuta. Kila nikiamka namtilia maneno mapya mdomoni. Jana alikuwa ananiomba radhi. Leo alikuwa ananiambia nisibebe ndoo mbili kwa mkupuo. Nimembishia kwa sauti, Vlasta, peke yangu zizini, na ng'ombe wananitazama.

Njoo nyumbani. Bado nina hasira nawe, na nitakuwa nayo ukifika, usitegemee vinginevyo. Lakini siwezi kuendelea kukukasirikia kwenye kiti kitupu. Mwambie Kapteni wako. Hruška atakuwa stesheni na gari la farasi kila Jumamosi, mpaka ushuke.

Mama yako