Kamongo Aliyetufanya Ndugu

Mwenzangu wa mtoni,

Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila mara nainuka, nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, kisha narudi kukaa. Simu yako haipatikani. Wanaotoka Goziba wananiambia wamekuona, u mzima, umekonda kidogo, unavuta nyavu za dagaa. Basi nampa mwenye boti karatasi hii, na siifungi. Atakayeisoma kabla yako akueleze hata kwa mdomo, mradi ikufikie.

Uliondoka kwa sababu wazee walisema mimi na wewe ni ndugu na hatuwezi kuoana. Nataka tuzungumze hilo tu. Lakini kwanza nikukumbushe tulivyokuwa, maana nahisi huko kisiwani unajitahidi kusahau.

Unamkumbuka yule mgeni Mdenishi aliyetuachia fimbo zake za kuvulia? Tuliona ni mchezo wa watu wasio na njaa: unamnasa samaki kwa ndoano iliyofungwa manyoya, unamtazama, unamrudisha majini. Ukajifunza kurusha mshipi kwenye kijito cha nyuma ya nyumba za Nshambya, na siku ya kwanza ukanasa suruali ya mtu kwenye kamba ya kuanikia. Mkewe akatoka na mwiko mkononi.

"Siku hizi mnavua nguo zetu?"

"Nisamehe waitu," ukamjibu kwa adabu zote, "nilidhani ni sato."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Nadhani ni siku hiyo niliyokupenda, ingawa sikukuambia, usije ukavimba kichwa.

Kisha ukaanza kufunga senene wako wa bandia kwenye ndoano. Uzi wa kijani, unyoya wa jogoo wetu, na ulimi wako ukichungulia pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Hakuna ningu wala kambare aliyewapuuza. Msimu wa senene ulipofika, ulikaa ukingoni unafunga wa uzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unatafuna wa kukaanga kutoka kwenye mfuko wangu. Ulinimalizia, na hukuona haya.

Tukaanza kazi ya kuwaongoza wageni; walikuja kuvua, lakini walirudi kwa ajili ya mdomo wako. Tulishuka nao kufuata maji katikati ya mji, na kila walipochoka kurusha, wewe ulianza. Ile nyumba yenye nyufa za tetemeko, nani aliijenga na kwa nini mlango wake unatazama mto. Lile ghala la kahawa, nani alilala humo alipofukuzwa na mkewe. Jiwe la kufulia ambalo wanawake wa mitaa miwili waligombana juu yake mpaka padri akaitwa. Wenzetu wa Dar wanaorudi Krismasi walikupenda kuliko Wazungu. Walikuja na Kiingereza chao na miwani yao mizito, wakaondoka wanakuuliza habari za babu zao wenyewe.

Na Krismasi ndiyo iliyotuponza. Yule mama wa Dar alinasa kitu kizito karibu na matete, akavuta, akapiga kelele, na kilichotoka ni kamongo, yule samaki wa topeni, mrefu kama nyoka, anajipinda kwenye majani. Akakwambia umtoe kwenye ndoano. Ukarudi nyuma. Ukanigeukia mimi, na mimi nilikuwa nimesharudi nyuma zaidi yako. Baba yake yule mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, akapiga magoti yake kwa viganja akicheka.

"Mawe, mama yangu! Kumbe ninyi ni wa muziro mmoja!"

Yule mama akauliza muziro ndiyo nini. Nawe, kwa mazoea ya kazi, ukaanza kumweleza: kila ukoo wa Kihaya una kiumbe wasichokigusa wala kukila, mtoto hurithi kwa baba yake, na wenye muziro mmoja ni ndugu, hawawezi ku... Ukanigeukia tena. Naona uso wako mpaka leo.

Tungejuaje? Nyumbani kwetu Kibeta kamongo haingii jikoni, kwa bibi yako hakuingia, nani angemtaja? Baba yako alifariki ungali kwenye mbeleko, ukakua kwa bibi mzaa mama, ukatumia jina la kwao. Mshenga ulikuwa hujamtuma bado. Nilipomwambia baba yangu, aliweka kikombe chini. "Muziro mmoja, damu moja. Huyo ni kaka yako, mwanangu." Bibi yako alikuwa kaburini, hakuna wa kuulizwa. Ndivyo tulivyodhani.

Ukaniandikia ujumbe kwenye simu: "Dada, nisamehe. Nakwenda Goziba." Muuza nyanya ananiita dada, kondakta ananiita dada, na sijawahi kuumia. Lako liliniuma mpaka nikaitupa simu kwenye gunia la maharage.

Tangu hapo situlii. Nawapeleka wageni peke yangu, natembea haraka mno, wananiomba niwasubiri. Nalala nikiwa na hasira naamka nikiwa nazo. Jumapili iliyopita, baada ya misa, miguu yangu ikanipakia kwenye gari la Muleba, nikaenda kumtafuta shangazi yako Kamachumu. Ulinitajia jina lake siku moja tu, kama mtu asiye wako.

Nilimkuta anamenya ndizi. Akanikaribisha, akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikashika kisu, nikamsaidia kumenya, na habari zote zikamwagika pale kwenye maganda. Akasikiliza. Nilipofika kwa kamongo, akashangaa.

"Kamongo? Kamongo sisi tunamla, mwanangu. Hata juzi. Muziro wetu ni senene."

Senene! Nikamwambia unavyowatafuna. Akajishika kichwa, akamwita kaka yake marehemu kwa jina, akalia, kisha akacheka huku analia. Akaniambia bibi yako alikupa muziro wake mwenyewe, ule wa kwao alikozaliwa. Watu wa baba yako walikuwa hawaji kukuona, akakuonea huruma kukua bila muziro, akakuvika ule aliokuwa nao. Shangazi hamlaumu. "Sisi ndio tulimwacha mtoto," alisema.

Nimemweleza baba. Naye akasema, "Kama ndivyo, watu wa ukoo wake waje waseme wenyewe. Sio wewe umsemee." Ana haki. Shangazi yako yuko tayari kuja, lakini hawezi kuleta posa ya mtu aliyejificha ziwani.

Sasa nikuambie kinachoniwasha. Wewe uliyejua mlango wa kila nyumba mjini unatazama wapi na kwa nini, ulipoambiwa neno moja juu yako mwenyewe, hukuuliza la pili. Ulifunga begi. Mimi ndiye niliyepanda gari kwenda kuuliza wewe ni wa nani. Nimekasirika, na nimekukumbuka, na siwezi kuvitenganisha hivyo viwili, nimejaribu.

Sipandi boti. Nimekufikisha Kamachumu, mlangoni kwa watu wako, na shangazi ameweka kitanda. Kama bado unanitaka, shuka Muleba kwanza, umwamkie, ujue jina la ukoo wa baba yako, ndipo uje Kibeta pamoja nao kwa njia ya mbele. Kama hunitaki, usiseme tena ni kwa sababu ya ukoo. Sema hunitaki, nami nitajua nalia nini.

Nakupenda. Mwenye boti anaisoma hii sasa hivi mbele yangu, na asome.

Nakuaga kwa leo.

Mimi, ambaye si dada yako,
Koku