Baba, Sitakupiga Pasi

Baba yangu mpendwa,

Kitabu changu kimefika sura ya kumi na moja, na dereva wake ni wewe. Nakuandikia kwa sababu kuna mtu anataka kubadilisha mdomo wako, na nimemkatalia.

Unakumbuka zile likizo ulizonipakia kwenye lori la maji kwa sababu Mama alikuwa kazini na nyumbani sikuwa na wa kukaa naye? Tulijaza tangi kwenye kisima cha njia ya Isinya. Wazee wa Kimaasai walikusalimu kwa lugha yao nawe ukaitikia "Ipa" kwa lafudhi ya Kikamba mpaka wakashika mbavu. Kisha tulirudi Kitengela kugawa maji nyumba kwa nyumba. Sikusema na mtu. Niliandika tu juu ya magoti, maneno ya watu wa magetini. Pale Noonkopir mama mmoja alikuja juu, akasema amelala na vyombo vichafu kwa sababu yako. Ukamjibu bila kukasirika, "Mama, kwani maji iko na miguu? Miguu yake ni mimi, na mimi nilikwama kwa matope." Akacheka, akakuletea chai.

Siku hiyo ndipo uliponiona nikiandika. Nikafunika kwa kiwiko.

"Hiyo kitabu yako iko na mimi ndani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ukawasha gari, ukafikiri kidogo, ukasema, "Sawa. Lakini usinipige pasi."

Basi sikiliza. Nilipomaliza kidato cha nne nilituma sura za kwanza kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi. Mhariri alizipenda. Alisema anataka kitabu kizima, kisomwe hata shuleni, mradi dereva wangu aongee Kiswahili sanifu. Akanitumia sura ya pili jinsi alivyoinyoosha. Humo unamjibu yule mama: "Je, mama, maji yana miguu? Mimi ndimi miguu yake, nami nilikwama matopeni."

Mama alitaka nikubali. Aliniuliza ni vijana wangapi wa hapa wameitwa na mchapishaji, tena mtoto asiyeweza hata kuagiza mkate dukani. "Baba yako hayuko," akasema. "Wewe uko. Fikiria mambo yako." Sikubishana. Nilimsomea tu ile sura ya mhariri, Mama akichambua maharagwe. Nilipofika kwenye miguu ya maji, mikono yake ikasimama.

"Huyu ni nani sasa? Ni pasta?"

Nikamsomea ile yako. Alicheka, halafu akalia, halafu akaniambia nimpigie huyo mtu simu nisimwandikie, kwa sababu kwenye karatasi mimi huomba radhi sana.

Nilipiga, Baba. Mhariri alieleza kwa upole kwamba wanafunzi watajifunza makosa. Nikamwambia msimulizi wangu anaandika "kitabu changu" kila mahali, si "kitabu yangu", na akikosea nisahihishwe mimi. Lakini dereva alijifunza Kiswahili akiwa mtu mzima, barabarani, akalisha nyumba nacho, na hakuna mtu Kitengela aliyekosa maji kwa sababu hakumwelewa. Kisha nikasema, "Ukimnyoosha huyo, nitatafuta mwingine wa kukichapisha." Akasema atalipeleka jambo hilo kwa wenzake.

Bado hawajajibu. Wakikataa, wakatae. Ninacho Kiswahili cha mtihani na ninakipenda, lakini sikujifunza ili nikufunike nacho. Tangu tukuzike kule Makueni, sauti yako haipo popote ila kwenye kurasa hizi, na mimi ndiye mlinzi wake. Naona haya kusema mbele ya watu, na huenda nikaona haya maisha yangu yote. Haya yangu si ruhusa kwa mtu mwingine kukusemea.

Leo asubuhi nimeanza sura ya mwisho. Umefika Tuala mara ya kwanza, hujui njia, umechelewa, na mwenye nyumba amesimama getini amefura. Sijui utamwambia nini. Nimekuachia mstari mtupu na siujazi mpaka nikusikie.

Pumzika, lakini usinyamaze.

Mtoto yako,
Mwende